Mchungaji Gudina Tumsa (1929–1979): Katibu Mkuu Aliyekataa Kuliacha Kundi

Katika kurasa zilizotangulia msomaji amekutana na wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama na wachungaji walioujenga usharika huu kwa muda wa miaka mia moja. Hao wote ni wa kwetu, na makaburi ya wengi wao tunayajua. Kamati ya kitabu iliona vema tuongeze habari za mtu mmoja ambaye hakuwa wa usharika huu wala wa nchi hii, lakini ni ndugu yetu katika familia ya Kilutheri ya Afrika, na ambaye Tanzania ilikuwa tayari kumfungulia mlango wakati wa hatari, naye akachagua kutoupita. Huyo ni Mchungaji Gudina Tumsa wa Ethiopia.

Vijana wetu wa kipaimara hulisikia jina la Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani, na ni vema walisikie. Jina la Gudina hulisikia mara chache, ingawa yeye ni wa bara letu, na aliuawa wakati baadhi yetu tunaoandika kitabu hiki tulikuwa tumekwisha kupata akili za utu uzima. Tena anapotajwa, hutajwa kwa ajili ya usiku mmoja tu, usiku aliotekwa. Kusimulia hivyo ni kumpunja. Mtu hafiki katika saa kama ile akiwa mikono mitupu. Jibu alilolitoa Gudina katika mwaka wake wa mwisho lilikuwa limekwisha kuandaliwa na maamuzi ya miaka ishirini na zaidi, na mengi ya maamuzi hayo yalikuwa ya mezani, ya barua na bajeti, ambayo hakuna aliyeyapigia makofi. Kwa sababu hiyo, katika habari hizi tutakaa ofisini mwake muda mrefu kuliko gerezani mwake.

Gudina alizaliwa mwaka 1929 huko Boji katika Wollega, magharibi ya Ethiopia, katika jamaa ya wakulima wa Kioromo. Nchi ile ilikuwa imelipokea Neno kwa njia inayostahili kukumbukwa. Onesimos Nesib, Mworomo aliyetekwa utumwani tangu utoto na kuwekwa huru huko Massawa mwaka 1870, alitumia miaka mingi kuitafsiri Biblia katika lugha ya mama yake. Alisaidiwa na wengine waliokuwa watumwa kama yeye, akiwamo mwanamke aitwaye Aster Ganno. Biblia hiyo ilipigwa chapa Uswisi mwaka 1899. Mwaka 1904 Onesimos alirudi Wollega akafundisha katika mji wa Nekemte hata alipofariki mwaka 1931. Kwa hiyo Waoromo wa Wollega walilisoma Neno katika lugha yao wenyewe kwa kazi ya watu waliopata kuuzwa kama mifugo, na mbegu ya namna hiyo huota kwa nguvu zake.

Mwaka 1936 Waitaliano waliikalia Ethiopia, na wamisionari wengi wakalazimika kuondoka. Gudina alikuwa mtoto wa miaka saba. Hadi mwaka 1941 makundi ya Wakristo wa Wollega yalitunzwa na wenyeji wenyewe, kwa kiasi kikubwa bila fedha za kutoka ng'ambo. Wageni waliporudi, walikuta watu wengi kuliko waliowaacha. Mtoto aliyekulia katika kanisa la namna hiyo hakuwa na sababu ya kudhani kwamba Injili husimama kwa miguu ya mgeni, na baadaye tutaona jinsi jambo hilo lilivyoingia katika kazi yake.

Alipokuwa kijana alikwenda Nekemte, akapata kazi na mafunzo ya udresa katika hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiswidi, na kwa bidii yake akawa msaidizi katika chumba cha upasuaji. Wasomaji wazee wanajua maana ya dresa katika miaka ile. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye mshahara wa kila mwezi, na kijiji kizima kilimngojea likizo. Gudina aliiacha kazi hiyo. Katikati ya miaka ya 1950 aliingia shule ya Biblia huko Najo, na mwaka 1958 akabarikiwa kuwa mchungaji. Kipato cha mchungaji wa Wollega wakati ule hakikuweza kulinganishwa na cha mtu wa chumba cha upasuaji. Wakati huo alikuwa amekwisha kufunga ndoa na Tsehay Tolessa, na familia ilikuwa inakua. Uamuzi huo haukuandikwa katika gazeti lolote. Mimi nauhesabu kuwa wa kwanza katika mfululizo ninaousimulia, kwa sababu mtu akishawahi mara moja kuiacha riziki ya uhakika kwa hiari yake, vitisho vya kumnyang'anya riziki hupungua nguvu.

Tarehe 21 Januari 1959 makundi ya Kilutheri yaliyokuwa yametokana na misheni mbalimbali za Skandinavia na Ujerumani yaliungana kuwa kanisa moja, Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus. Maana ya jina hilo ni mahali anapokaa Yesu. Lilianza na waumini wapatao 20,000. Kanisa changa lilihitaji viongozi wenye elimu, na mwaka 1963 Gudina alipelekwa Marekani kusoma katika seminari ya Kilutheri ya Luther, huko St. Paul katika jimbo la Minnesota. Alikaa huko mpaka mwaka 1966. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wakiandamana kudai haki zao, na sheria kubwa ya haki za raia ilipitishwa mwaka 1964 akiwa huko. Aliona makanisa yakigawanyika, mengine yakisema kwamba haki ya mtu mweusi si jambo la mimbarani, na mengine yakisema kwamba bila haki hiyo mimbari ni ubao mtupu. Alisoma maandiko ya Reinhold Niebuhr na ya Bonhoeffer, akarudi nyumbani. Katika nyakati zote Afrika imekuwa na vijana waliokwenda kusoma nchi tajiri wasionekane tena. Huyu alirudi, na mwaka uleule akawekwa kuwa Katibu Mkuu wa kanisa lake, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Sasa tuingie ofisini. Kazi ya katibu mkuu wa kanisa haina utukufu. Ni barua, mikutano, magari yaliyoharibika, ripoti za fedha, na wageni kutoka ng'ambo wanaotaka kuona miradi yao. Mekane Yesus, kama makanisa mengine ya Afrika wakati ule, ilitegemea kwa sehemu kubwa misaada ya makanisa na mashirika ya Ulaya na Marekani. Utaratibu wa misaada hiyo ulikuwa umebadilika katika miaka ya 1960. Serikali za nchi tajiri zilikuwa zimeanza kupitisha fedha za maendeleo katika mashirika ya makanisa, na fedha hizo zilikuwa na masharti yake. Ukiomba zahanati, kisima au shule ya ufundi, unapata. Ukiomba kuwafundisha wainjilisti, kuwapa kitu cha kuwatunza, au kuezeka kanisa la kijiji, unajibiwa kwamba hilo si maendeleo. Wakati huohuo maelfu ya watu, hasa kusini na magharibi ya nchi, walikuwa wakija kuomba mafundisho ya ubatizo, na hapakuwa na watu wa kutosha wa kuwafundisha.

Mwezi Mei 1972 Mekane Yesus ilipeleka barua kwa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na kupitia kwake kwa makanisa yaliyokuwa yakitoa misaada. Gudina ndiye aliyekuwa mkono mkuu katika barua hiyo. Ilieleza kwamba kumgawanya mwanadamu vipande viwili, kipande cha mwili ambacho wafadhili wako tayari kukisaidia na kipande cha roho ambacho hawakitaki, ni kumtazama Mwafrika kwa macho ambayo yeye mwenyewe hajitazami nayo. Ilisema kwamba maendeleo yanayomsahau mtu wa ndani hayawezi kumweka huru, hata yakimpa mkate. Na iliuliza, kwa adabu lakini bila kuficha, ni nani aliyewapa watu wa mbali haki ya kuamua ni kipi anachokihitaji mkulima wa Wollega.

Mzee wa kanisa yeyote aliyepata kuandika ombi la msaada anajua ugumu wa jambo hilo. Mkono unaokulisha hauung'ati, ndivyo tunavyoambiana, na kwa msemo huo tumenyamazia mambo mengi. Lilikuwapo jambo rahisi zaidi ambalo makatibu wengi wamelifanya, yaani kuandika ombi la kisima na kisha kutumia sehemu ya fedha kimyakimya kumlipa mwinjilisti. Nia ingekuwa njema, na pengine hakuna ambaye angegundua. Kumwambia mfadhili waziwazi kwamba masharti yake yana kasoro ni njia ndefu zaidi, na inaweza kuligharimu kanisa lote mapato yake. Gudina alichagua njia ndefu. Barua ile ilijadiliwa sana katika Fungamano, na mwezi Oktoba 1974 ukafanyika mkutano maalumu Nairobi juu ya uhusiano wa kuhubiri Injili na maendeleo ya mwanadamu. Hata leo mafundisho ya vyuo vyetu vya theolojia juu ya huduma kwa mtu mzima, mwili na roho pamoja, yana deni kwa barua hiyo.

Wala hakuwakemea wageni peke yao. Aliwaambia watu wake kwamba kanisa linaloishi kwa fedha za wengine halina sauti yake lenyewe, na kwamba ni lazima lijifunze kujitegemea. Neno hilo sisi Watanzania tulilisikia sana tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ingawa kulisikia na kulitenda ni mambo mawili. Makanisa ya Afrika yalipokutana Lusaka mwaka 1974 na wengine wakapendekeza wamisionari na misaada visimamishwe kwa muda, Mekane Yesus haikuunga mkono pendekezo hilo. Kwake kujitegemea hakukuwa kuvunja undugu wa kanisa la ulimwengu. Msimamo kama huo huwaudhi watu wa pande zote mbili, na nadhani hiyo ni moja ya alama za kumtambua mtu asiyetafuta kupendwa.

Tarehe 12 Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie aliondolewa madarakani, na utawala ukashikwa na kamati ya wanajeshi iliyojulikana kwa jina la Derg. Mwezi Novemba mwaka uleule wakuu wapatao sitini wa utawala wa zamani waliuawa bila hukumu. Mwezi Machi 1975 ardhi yote ya vijijini ilifanywa mali ya umma. Ni vigumu kwa vijana wa leo kuelewa jinsi habari hiyo ya mwisho ilivyopokelewa. Wakulima wengi wa Ethiopia, na hasa wa kusini na magharibi, walikuwa wapangaji katika ardhi ya babu zao, wakitoa sehemu kubwa ya mavuno kwa mwenye shamba. Gudina alikuwa mtoto wa watu hao. Hakuulilia utawala wa mfalme, na aliona kwamba kuwarudishia wakulima ardhi ni haki.

Hapa ndipo njia ilipokuwa nyembamba. Watu wa nje waliouchukia ujamaa walitaka kanisa liyalaani mapinduzi yote. Watu wa ndani waliokuwa na madaraka walitaka liyabariki yote. Waraka wa kichungaji uliotolewa na Mekane Yesus mwaka 1975 haukufanya lolote kati ya hayo. Ulikubali kwamba kanisa lina wajibu wa kushiriki katika kujenga jamii yenye haki, na hapohapo ukakataa kwamba itikadi yoyote iwe na mamlaka ya mwisho juu ya mwanadamu, kwa kuwa mamlaka hayo ni ya Mungu peke yake. Katika mwaka huohuo Gudina alimwandikia Rais wa kanisa lake, Emmanuel Abraham, ambaye alipata kuwa waziri wa Mfalme, akieleza jinsi kanisa linavyopaswa kujipanga upya katika hali mpya. Aliandika mambo magumu kwa mkubwa wake kama alivyokuwa ameyaandika kwa wafadhili. Hakuwa na ulimi mmoja wa wakubwa na mwingine wa wageni.

Mapinduzi yalizidi kuwa makali. Tarehe 12 Machi 1977 serikali iliitwaa redio ya Sauti ya Injili iliyokuwa Addis Ababa, mali ya Fungamano. Wasomaji wa umri wangu hawakuisahau. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa katika studio ya Moshi, vikarushwa kutoka Addis Ababa tangu mwaka 1963, na nyumba yenye redio ilijaa majirani jioni. Kuzimwa kwake tulikusikia kama msiba. Miezi mitatu baadaye, mwezi Juni 1977, Fungamano lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa Rais wake. Wakati sisi tunapiga vigelegele Dar es Salaam, ndugu zetu wa Addis Ababa walikuwa wakiingia katika kipindi kilichoitwa Ugaidi Mwekundu, ambamo maiti za vijana ziliachwa barabarani ili wapita njia wazione. Katika Wollega na sehemu nyingine makanisa yalianza kufungwa na wahubiri kutiwa ndani.

Gudina alifanya mambo mawili katika miaka hiyo ambayo watawala hawakumsamehe. La kwanza, aliyaleta makanisa pamoja. Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri wa Ethiopia walikuwa na historia ndefu ya kutoaminiana, lakini waliunda baraza la ushirikiano, naye akachaguliwa kuwa mwenyekiti wake. Serikali inayotaka kulishughulikia kila kanisa peke yake haifurahii kuona yameketi meza moja. La pili, hakukubali ofisi yake itumike kuuambia ulimwengu kwamba uhuru wa dini upo, hali yeye alikuwa na majina ya waliofungwa. Kiongozi wa kanisa mwenye jina ng'ambo ni mali kwa utawala wa namna ile. Neno lake moja la kusifu lina thamani kuliko hotuba kumi za waziri. Hakulitoa.

Iko habari nyingine ambayo yafaa isemwe kwa uwazi. Ndugu yake mdogo, Baro Tumsa, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kuwakomboa Waoromo, akaingia msituni, akafa mwaka 1978. Watesi wa Gudina walikuwa tayari kumwona kuwa mwanasiasa aliyevaa joho. Lakini yeye alikuwa amechagua kulihudumia kanisa lililokuwa na Waoromo, Waamhara, Wakambata na wengine wengi. Damu ya ndugu ni nzito, na sidhani kwamba uchaguzi huo ulikuwa mwepesi kwake.

Alikamatwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1978, akawekwa kizuizini majuma kadhaa, akaachiwa. Alikamatwa tena mwezi Juni 1979, akateswa, akaachiwa tena. Kila mtu mwenye akili alijua kwamba mara ya tatu haitakuwa na kuachiwa. Marafiki zake katika Fungamano walifanya mpango wa kumtoa nchini, na Rais Julius Nyerere wa Tanzania alihusika katika mpango huo. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kufika kwetu, akapewa nyumba, akafundisha pengine katika chuo kimoja cha kanisa, na leo tungekuwa na wachungaji wanaojivunia kwamba aliwafundisha.

Alikataa. Alieleza kwamba kanisa lake na watu wake wako pale, na kwamba yeye aliyewahimiza kusimama imara hawezi kuwa wa kwanza kukimbia. Aliwaelekeza waliomsihi kwenye sura ya tano ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, pale Mtume anapoandika juu ya wale ambao hawaishi tena kwa ajili ya nafsi zao. Katika mwaka huohuo aliandika andiko lake la mwisho juu ya wajibu wa Mkristo katika jamii aliyowekwa, ambamo alisisitiza kwamba kuwa mwanafunzi wa Kristo ni kujitoa kwa maisha yote.

Niseme jambo hapa ambalo mahubiri mengi juu ya Gudina huliruka. Je, ilikuwa haki kwa baba wa watoto kukaa? Kukimbia hatari si dhambi. Yusufu aliondoka usiku na mtoto na mama yake akaenda Misri, na Mtume Paulo aliteremshwa katika kapu ukutani huko Dameski. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mtu ajitafutie kifo, na wakimbizi wengi waliofika katika nchi hii, baadhi yao wakikaa katika ibada zetu na kuimba nasi, hawakuwa na imani ndogo kuliko ya Gudina. Kwa hiyo simsifu kwa sababu alikaa, kana kwamba kukaa ni kanuni kwa kila mtu. Ninachokiona ni kwamba yeye, kwa nafasi aliyokuwa nayo, na baada ya maneno aliyowaambia wengine kwa miaka kumi na mitatu, hangeweza kuondoka pasipo kuyafuta maneno yake mwenyewe. Mchungaji wa kijiji cha Wollega aliyekuwa gerezani hakuwa na rais wa nchi jirani wa kumwombea njia. Gudina alilijua hilo. Gharama yake iliwaangukia pia watu ambao hawakuulizwa, nao walikuwa watoto wake. Hilo nalo ni kweli, na sifa zetu zisilifunike.

Jumamosi tarehe 28 Julai 1979, jioni, Gudina alihubiri katika usharika wa Urael wa Mekane Yesus mjini Addis Ababa. Alipotoka kanisani pamoja na mkewe, watu wasiovaa sare waliwazuia na kuwachukua. Tsehay aliachwa usiku uleule katika viunga vya mji. Mumewe hakurudi. Serikali ilikana kujua lolote. Makanisa ya ulimwengu yaliandika, mabalozi waliuliza, na jibu lilikuwa lilelile. Ukweli ni kwamba aliuawa usiku uleule, akazikwa kwa siri, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Tsehay alianza kumtafuta mumewe katika ofisi ambazo hazikumjibu. Mwezi Februari 1980 yeye mwenyewe alikamatwa. Aliteswa kwa namna ambayo kitabu cha ibada na furaha kama hiki si mahali pake pa kuieleza, akafungwa karibu miaka kumi pasipo kufikishwa mbele ya hakimu. Watoto walitawanyika. Katika miaka hiyo yote hakuambiwa kama yeye ni mke au ni mjane. Wanaosoma habari za uaminifu wa Gudina nawaomba wakae kidogo mbele ya jambo hilo, kwa maana mashujaa wengi wa kanisa wana mtu wa namna hii nyuma yao, ambaye jina lake haliwekwi katika kichwa cha habari. Hata kichwa cha habari hii hakina jina lake.

Mwezi Desemba 1981 jengo la makao makuu ya Mekane Yesus lilitwaliwa na serikali. Mamia ya makanisa yalifungwa. Waumini walikutana katika nyumba, usiku, wakiimba kwa sauti ya chini. Utawala ule ulianguka mwezi Mei 1991. Kanisa lililoanza na watu 20,000 sasa lina zaidi ya milioni kumi, nalo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, pamoja na letu la Tanzania.

Tsehay alitoka gerezani mwaka 1989. Ilimbidi angoje miaka mitatu zaidi ndipo kaburi lilipofunuliwa, na mwaka 1992, miaka kumi na mitatu baada ya jioni ile ya Urael, mabaki ya Gudina yalizikwa upya kwa ibada ya hadhara mjini Addis Ababa. Tsehay aliishi baada ya hapo zaidi ya miaka ishirini, akafariki mwezi Oktoba 2014.